Niliona Kwenye Cheti, Nikanyamaza

Nilijua. Hilo ndilo neno linalonipasa kulitanguliza, kwa sababu kwa muda mrefu nimekuwa nikilizunguka. Sikukosea kwa kutoijua dawa, wala kwa usingizi wa zamu, wala kwa kuchanganya makopo rafuni. Cheti kilifika mkononi mwangu, nikakisoma, nikaiona hatari iliyomo, kisha nikahesabu vidonge, nikavitia kwenye bahasha, nikaandika 1x2 na 2x2, nikavitoa dirishani. Mimi ni mfamasia. Elimu ya kulizuia kosa lile nilikuwa nayo, na sikuitumia.

Jina la hospitali silitaji, wala la daktari, wala la mgonjwa. Ninayeungama ni mimi, na sitaki msomaji apate mwengine wa kumnyooshea kidole akaniacha mimi nipite. Itoshe kusema kwamba mimi ni mtoto wa Kizimkazi, nimekulia Mkunguni, na mgonjwa naye alikuwa wa huko huko: bibi aliyepita miaka 70, jirani wa mama yangu, ambaye alasiri alikuwa akikaa barazani kusuka ukili na kumuuliza kila mtoto apitaye kama ameshakula. Mimi pia aliniuliza, miaka na miaka. Nalitaja hili kwa sababu watu hudhani wahudumu wa afya huwapuuza wagonjwa wasiowajua. Huyu nilimjua.

Ilikuwa Ramadhani. Bibi alikuwa na sukari kwa miaka mingi, na katika miaka yote hiyo hakutokea aliyeweza kumzuia asifunge. Siku zile alikuwa na homa na maumivu ya mkojo. Daku alikula kidogo, akameza kidonge chake cha sukari kama kawaida, akanuia. Baada ya Alasiri wakamkuta amelowa jasho, maneno hayatoki, mikono inatetemeka. Mmoja akasema ni kiharusi, mwengine akasema kapandwa. Wakamtia kwenye gari ya jirani, wakamkimbiza hospitali niliyokuwa nafanya kazi, mbali na kijijini.

Daktari wa zamu alikuwa peke yake kwenye chumba cha dharura. Alifanya lililopaswa kutangulia: akamtoboa kidole, akapima sukari. Mashine ilisoma chini ya 2, na sisi huanza kuingiwa na hofu inaposhuka chini ya 4. Akamtia mshipani glukosi ya asilimia 50. Haukupita muda bibi akafumbua macho, akauliza kama kumeshaadhiniwa. Kila aliyekuwamo mle chumbani alimshukuru Mungu. Daktari akaagiza kipimo cha mkojo, akaona maambukizi, akaandika Septrini, na akasema aendelee na vidonge vyake vya sukari. Magharibi ilikuwa inakaribia, benchi limejaa watu, familia inataka ikafuturu nyumbani, na bibi mwenyewe ameshateremsha miguu kitandani. Akaruhusiwa.

Mwanawe ndiye aliyeleta cheti dirishani, uso umemjaa furaha. Yeye ndiye aliyenihadithia yote hayo: mama sukari ilishuka, alikuwa kama maiti, sindano moja imemrudisha. Kwa hiyo wakati ule nilikuwa na habari mbili mkononi, kilichoandikwa na kilichotokea. Kwenye cheti palikuwa na glibenklamaidi miligramu 5 mara mbili kwa siku, na chini yake Septrini, vidonge viwili mara mbili kwa siku. Juu, kwenye mstari wa umri, daktari aliandika miaka yake.

Naomba msomaji anivumilie nizieleze dawa hizi, maana bila ya kuzieleza kosa langu litaonekana dogo kuliko lilivyo. Glibenklamaidi hushusha sukari kwa kulisukuma kongosho litoe insulini, na hulisukuma mtu akiwa amekula au hajala. Kazi yake huweza kuendelea kwa saa 24. Kwa mzee ambaye figo zimechoka huendelea zaidi, kwa sababu mabaki ya dawa hiyo, ambayo nayo yana nguvu ya kushusha sukari, hutolewa mwilini na figo. Glukosi ya sindano, kwa upande wake, hupandisha sukari haraka na kwisha haraka. Kwa hiyo mzee aliyezinduliwa na glukosi baada ya kuangushwa na glibenklamaidi hajapona bado. Amepewa nafasi tu. Anatakiwa alale hospitali, ale, atiwe dripu ya glukosi, na apimwe sukari tena na tena usiku kucha mpaka dawa imwishe mwilini. Na akitoka, asirudishiwe kidonge kilekile bila ya kufikiriwa upya. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliweka gliklazaidi mahali pa glibenklamaidi kwenye orodha yake ya dawa muhimu, na likaandika wazi kwamba glibenklamaidi haiwafai waliopita miaka 60.

Septrini nayo ina salfa ya aina ambayo, kwa umbo lake la kikemia, ina undugu na vidonge hivyo vya sukari. Kwa mzee mwenye figo dhaifu yenyewe peke yake yaweza kushusha sukari. Ikikutana na glibenklamaidi, huiongezea nguvu. Hili si jambo la mabingwa tu. Kila mfamasia hulisoma chuo. Nami nililisoma, nikafanyiwa mtihani, nikafaulu. Jioni ile vyote vilikuwa mbele yangu kwenye karatasi moja: umri, vidonge vya sukari, salfa, na mtu ambaye saa moja nyuma alikuwa hana fahamu.

Kwa nini basi nilinyamaza? Swali hilo nimelijibu kwa uongo mara nyingi kabla ya kulijibu kwa kweli. Nilisema foleni ilikuwa ndefu. Nilisema kati ya famasi na chumba cha dharura kulikuwa na ukuta, ukumbi na mlango, na simu ya ndani haifanyi kazi. Nilisema daktari amemwona mgonjwa kwa macho yake na mimi nimeona karatasi tu, kwa hiyo huenda anajua nisilolijua. Yote hayo yalikuwapo. Hakuna hata moja lililonizuia.

Ukweli ni kwamba niliinuka. Nilitoka nje ya famasi, nikafika kwenye mlango wa chumba cha dharura, nikamwona daktari ameinama juu ya mtoto mwenye degedege, mama wa mtoto analia, muuguzi anatafuta mshipa. Daktari yule ni mkubwa kwangu kwa umri na kwa cheo. Siku za nyuma nilishamsikia akimkemea muuguzi mbele ya wagonjwa, nikajiwekea moyoni kwamba huyu si mtu wa kuambiwa. Nikasimama pale mlangoni. Maneno niliyohitaji yalikuwa machache: "Dokta, yule bibi wa sukari, naomba asiondoke kwanza." Ningeweza hata kumwambia mwanawe tu, "Kaka, subiri kidogo, usimchukue mama bado." Badala yake nikarudi dirishani, nikatoa dawa, na ili kujituliza nikamwambia ahakikishe mama anakula vizuri.

Ulikuwa ni muhali. Tumelelewa hivyo na sitaki kuyatukana malezi yangu. Mkubwa hakosolewi mbele za watu. Ukiwa na la kumwambia utamngoja faraghani, tena utalizungushia maneno mpaka alifikie mwenyewe. Hayo ni mema barazani, kwenye mashauri ya ndoa na katika ugomvi wa mipaka ya mashamba, ambako jambo laweza kungoja na heshima ya watu ndiyo inayowaweka pamoja. Kwenye chumba cha dharura jambo halingoji, na hakuna faragha. Mimi niliyachukua mazoea ya barazani nikayapeleka mahali ambako yanaua, na nikajihesabu kuwa mtu mwenye adabu.

Bibi alifuturu kwa uji na kipande cha muhogo. Akameza kidonge cha sukari na Septrini, kama bahasha zangu zilivyomwelekeza. Akasema amechoka, akalala mapema. Watu wa nyumbani walimwacha apumzike, na ni nani asingemwacha, baada ya siku kama ile? Walipomwendea kumwamsha kwa daku hakuamka. Walipofika naye hospitali, mashine ya kupimia sukari haikutoa namba. Iliandika tu kuwa iko chini mno. Glukosi ilimrudisha pumzi na mapigo ya moyo yakatulia, lakini ubongo ulikuwa umekaa saa nyingi bila ya chakula chake. Aliishi muda baada ya hapo. Hakuwatambua wajukuu wake, hakusema sentensi iliyotimia, na ukili uliowekwa mapajani mwake mikono yake haikujua tena ufanywe nini.

Kosa la pili ndilo linalonitia haya zaidi. Mwanawe aliniuliza, kwa upole wa mtu anayetaka kuelewa, imekuwaje mama aliyeondoka hospitali kwa miguu yake arudi vile. Nikamjibu: "Ni kudra ya Mungu." Kudra naiamini, nayo ni nguzo katika imani yangu. Lakini siku ile nilikitaja kitukufu ili kukifunika cheti. Yeye akainamisha kichwa, akasema alhamdulillahi kwa kila hali, akanishukuru. Mama yangu naye akaniletea salamu kutoka kwa familia ile kwamba wanaikumbuka hisani yangu, nilivyowapokea vizuri siku ya kwanza. Nikazipokea salamu hizo. Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua. Mimi sikuwa na maradhi ya mwili, lakini nilianza kuogopa kupita mbele ya baraza ile, nikawa nikifika kijijini nazunguka kwa nyuma.

Niliposhindwa kuendelea kuficha, mtu wa kwanza niliyemwendea alikuwa daktari yule. Nilitarajia hasira. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakaa kimya, kisha akasema, "Mbona hukunambia?" Nikamwambia kwa kweli kwamba nilimwogopa. Hakukasirika. Alisema jioni ile alikuwa na mawazo ya mtoto mwenye degedege na ya watu kwenye benchi, na habari ya Septrini juu ya vidonge vya sukari haikumpitia kabisa kichwani. Alisema katika miaka yote ya kazi yake hakuna mfamasia aliyewahi kumjia chumba cha dharura kumwambia ngoja. Akakubali kwamba ukali wake umewafunga watu midomo, na kwamba hilo ni deni lake yeye. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia: "Ni mara ngapi nyengine uliona ukanyamaza?"

Nilishindwa kumjibu, kwa sababu zilikuwa nyingi. Dozi ya mtoto iliyozidi kidogo, nikaipunguza mwenyewe kimyakimya bila ya kumwambia aliyeiandika, na wiki iliyofuata akaiandika vilevile. Jentamisini kwa mzee mwenye figo mbovu. Dawa mbili za maumivu za aina moja kwenye cheti kimoja. Kila mara nilijiona mwerevu kwa kurekebisha pasipo kumwaibisha mtu. Sikuona kwamba kwa kufanya hivyo nilimnyima daktari nafasi ya kujifunza, nikamdhulumu kwa kumdhania kuwa hasikii kabla sijamwambia. Nilimhukumu kwa siku moja niliyomsikia akipaza sauti, na hukumu hiyo akailipia bibi wa Mkunguni.

Tangu hapo nimeisoma historia ya dawa ile ile niliyoitoa, na imenikalia moyoni. Mwaka 1942, katikati ya vita, daktari mmoja wa Montpellier, kusini mwa Ufaransa, aitwaye Marcel Janbon, alikuwa akiwatibu wagonjwa wa homa ya matumbo kwa salfa mpya. Baadhi yao wakaanza kutetemeka na kupoteza fahamu, na wengine wakafa. Janbon akagundua kwamba sukari yao imeshuka. Hakulifungia jambo hilo wodini mwake. Alilipeleka kwa mwanafiziolojia wa mji huo huo, Auguste Loubatières, ambaye kwa majaribio juu ya mbwa alionyesha kwamba salfa ile hufanya kazi kupitia kongosho. Katika mlango huo ndimo vilimopita vidonge vya sukari ambavyo dunia nzima imevitumia, glibenklamaidi ikiwa mojawapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Yaani dawa hizi tunazo kwa sababu daktari wa wodini alikwenda kumuuliza mtu wa fani nyengine. Na habari kwamba salfa yaweza kumwangusha mtu kwa kumshushia sukari ilipatikana kwa roho za watu kabla mimi sijazaliwa. Mimi nilikabidhiwa elimu hiyo bure, nikaiacha ndani ya kichwa changu siku ilipohitajika.

Ilibaki familia. Toba ina masharti, na hata watoto wa chuoni huyajua: uache, ujute, uazimie kutorudia, na ikiwa kuna haki ya mja, uirudishe au uombe radhi kwa mwenyewe. Hilo la mwisho huwezi kulimaliza juu ya mswala. Ijumaa moja nikaenda kuswali Dimbani, huko huko Kizimkazi, kwenye msikiti ule wa kale wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijria, ambao ni 1107 Miladia, kwa kuwa nilijua mwanawe huswali pale. Baada ya swala nikamwomba tukae pembeni, nikamweleza yote, mpaka pale niliposimama mlangoni nikarudi, mpaka pale niliposema kudra.

Aliniuliza, "Ungemwambia daktari, mama angebaki hospitali?" Nikamwambia naamini angebaki. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema: "Ndugu yangu, haki yangu mimi nimekusamehe. Haki ya mama siwezi kuisamehe kwa niaba yake, na yeye hawezi kusema." Akainuka, na kabla ya kuondoka akaongeza kwamba nisidhani kumwambia yeye kunatosha, niwaambie wafanyakazi wenzangu, maana wao ndio walio madirishani leo. Kwa hiyo ninaandika. Bibi ameshatangulia mbele ya haki, na agizo la mwanawe bado liko kwangu.

Kwa wafamasia wenzangu nina hili la kusema. Boti za Kizimkazi zinapopita juu ya miamba, kijana anayekaa omo akiona mwamba hupiga kelele hapo hapo. Hamuombi nahodha ruhusa, na nahodha hageuki kumuuliza umri wake. Sisi tumewekwa omo. Daktari ndiye aliyeshika usukani, ndiye anayemwona mgonjwa mzima, na uamuzi ni wake. Lakini mwamba wa dawa sisi ndio tunaouona kwanza, kwa sababu ndio tuliosomeshwa kuutazama.

Na tusijidanganye kwamba hatutasikilizwa. Mwaka 1999 Lucian Leape na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa kwenye hospitali kubwa ya Boston, Marekani. Mfamasia mmoja alitolewa famasi akawa anazunguka vitandani pamoja na madaktari wa chumba cha wagonjwa mahututi. Madhara ya dawa yaliyotokana na makosa ya kuandika yakapungua kwa asilimia 66. Idadi hiyo ni kubwa, lakini nyengine ndiyo iliyonichoma mimi: katika kila mapendekezo 100 aliyoyatoa mfamasia yule, madaktari waliyakubali 99. Nilipoisoma nilimkumbuka daktari wangu na lile "mbona hukunambia".

Chumba cha dharura kinahitaji jambo hili kuliko wodi. Wodini kuna kesho asubuhi. Mfamasia akichelewa leo, atalikuta kosa kwenye mzunguko wa kesho. Kwenye dharura dawa huagizwa kwa mdomo, huvutwa kwenye bomba la sindano na kuingia mshipani katika dakika hizo hizo, mara nyingi na mtu ambaye hajala tangu alfajiri. Nchini kwetu fani yenyewe ya tiba ya dharura ni changa. Idara kamili ya kwanza ilifunguliwa Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2010, na ni mwaka huo ndipo madaktari walipoanza kusomea ubingwa wake pale. Marekani wafamasia walianza kuingia vyumba vya dharura tangu miaka ya 1970. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilianzisha kampeni ya kupunguza madhara ya dawa, likikadiria kwamba makosa ya dawa huigharimu dunia dola bilioni 42 kila mwaka. Fani ikiwa bado changa ndio wakati wa kuizoesha vizuri, kabla ya kila mtu kuzoea ukuta wake.

Siku hizi zamu za jioni sizimalizi dirishani. Hospitali ninayofanya kazi sasa tumekubaliana kwamba kukiwa na mgonjwa mahututi mfamasia huingia ndani. Kazi ya kwanza ni kuuliza mfuko wa dawa. Watu wetu huja na mfuko wa plastiki wenye vidonge vya presha, vya sukari, vya jirani, na mitishamba iliyofungwa kwa karatasi, na mfuko huo huweza kueleza ugonjwa kabla ya kipimo chochote. Daktari akiagiza dawa kwa mdomo, ninairudia kwa sauti, jina na miligramu, naye anaithibitisha ndipo ivutwe. Potasiamu ya kuchanganyia haikai tena kwenye troli moja na maji ya sindano. Akija mtoto mwenye malaria kali, ambayo madaktari vijana wa Unguja hawaioni mara kwa mara kwa sababu ugonjwa umepungua sana kwetu, mimi ndiye ninayekumbusha kwamba aliye chini ya kilo 20 hupewa atesuneti miligramu 3 kwa kila kilo, na si 2.4 kama mkubwa. Muuguzi akitaka kuchanganya fenitoini, namwambia iende kwenye maji ya chumvi na si kwenye glukosi, maana kwenye glukosi huganda. Seftriaksoni naitenga na dripu ya Ringer. Haya si maajabu. Ni mambo madogo ambayo yakisemwa kwa wakati hakuna anayejua kwamba kulikuwa na hatari.

Na nimejifunza namna ya kusema. Nataja mgonjwa, nataja ninachokiona, nataja ninachoomba, bila ya mafumbo na bila ya kumsomesha mtu. "Dokta, bibi wa kitanda cha pili, yuko kwenye glibenklamaidi na sasa kuna salfa, naomba alale na tubadilishe dawa ya mkojo." Nikiona hajasikia, nasema mara ya pili. Nisiposikika mara ya pili, nampigia mkubwa wa zamu na kuandika kwenye faili la mgonjwa. Mwanzoni sauti ilinitetemeka. Wapo walionikunjia uso, na yupo aliyeniuliza nani kaniita. Hakuna aliyenifukuza. Na mimi pia nimekosolewa: daktari kijana alinikumbusha juzi kwamba nimeisahau mimba ya mgonjwa, nikamshukuru mbele ya watu wote, ili wenzake waone kwamba kukosolewa hakumpunguzi mtu.

Kwa madaktari ninaomba jambo moja, na ninaliomba kwa heshima. Muulizeni mfamasia kabla hajasema: "Kuna nililolisahau kwenye dawa?" Swali hilo likitoka kwenu, muhali wetu unakwisha, maana tunakuwa tunajibu, hatukosoi.

Kwa wasomaji wenye wazee nyumbani: ujazeni mfuko dawa zote mnapokwenda hospitali, hata mnazozionea haya. Kabla ya Ramadhani mpelekeni mzee mwenye sukari kwa daktari, apangiwe dawa na saa zake, au aambiwe asifunge, naye aelezwe kwamba ruhusa hiyo ni ya dini yake pia. Na mzee akizinduka baada ya sukari kushuka kwa vidonge, msikimbilie nyumbani hata kama futari inapoa. Ulizeni atapimwa tena saa ngapi, na kidonge kilichomwangusha atakimeza tena au hapana. Mkimuona mfamasia amesita na cheti mkononi, muulizeni anasita nini.

Wafamasia wenzangu, mtakapokiona kitu kwenye cheti, inukeni, na mkifika mlangoni msirudi. Haki ya bibi yule bado iko shingoni mwangu. Sina wa kumwomba anitue, na kila mgonjwa anayeletwa chumba cha dharura na mfuko wake wa dawa ana haki hiyo hiyo juu yangu kabla sijamkosea.